Naenda kusoma afya ya jamii London: niangalie nini mitaani?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni afisa afya wa kata mkoani Tanga, huu ni mwaka wa tisa kazini. Nimepata ufadhili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii London, naondoka Septemba. Wafadhili wanataka kila wiki niwaandikie ukurasa mmoja wa mambo niliyoyaona nje ya darasa. Wenzangu ofisini wananivunja moyo. Wanasema kule kila kitu kimeshakamilika, hakuna cha kuona, na hata nikikiona hakitafaa huku kwetu kwenye vyoo vya shimo. Niangalie nini? Na nitajuaje kipi cha kurudi nacho?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu, na hongera sana. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu na mimi niliondoka nikiwa nimejazwa maneno hayohayo. Ilikuwa Septemba 2018. Miaka mitatu kabla ya hapo nilikuwa kwenye kambi ya kipindupindu Dar es Salaam, mlipuko ule ulioanzia Kinondoni Agosti 2015, na nilipopanda ndege harufu ya klorini ilikuwa bado kama imeniganda puani. Nilidhani nakwenda kwenye mji ambao maradhi yetu hawayajui. Wiki ya pili nikajikuta nimesimama Soho mbele ya pampu ya maji ya kusukuma kwa mkono, imeng'olewa mpini, na watu wanapita na vikombe vyao vya kahawa bila hata kuitupia jicho.

Pampu hiyo ni ya mfano, imewekwa Broadwick Street, mtaa ambao zamani ukiitwa Broad Street. Habari yake unaijua, inafundishwa hata kwenye vyuo vyetu. Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka pale, daktari John Snow akafuatilia vifo nyumba kwa nyumba, akaona vyote vinazunguka kisima kimoja, na Septemba 8 mpini wa pampu ukang'olewa. Waliokufa walifika 616. Darasani hadithi inaishia hapo. Wewe nenda Jumamosi asubuhi utembee mtaa ule kwa miguu, ndipo utaona yaliyoachwa. Ni eneo dogo mno. Hatua chache tu kutoka pampuni, Poland Street, palikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu zaidi ya 500, na waliokufa humo ni 5 tu, kwa sababu nyumba ilikuwa na kisima chake. Karibu na hapo palikuwa na kiwanda cha bia. Wafanyakazi wake zaidi ya 70 hakufa hata mmoja: walikunywa bia yao na maji ya kisima cha kiwandani. Snow hakuhesabu waliokufa peke yao. Aliwafuata na waliopona, akawauliza wanakunywa nini.

Mtu wa pili wa hadithi ile watu humsahau. Ni padri kijana wa parokia, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubaliana na Snow hata kidogo. Lakini wale watu aliwajua kwa majina, aliwazika, aliingia vyumbani mwao. Yeye ndiye aliyemgundua mama wa nyumba namba 40, ambaye mtoto wake mchanga aliharisha kabla ya mlipuko kuanza, na maji ya kufulia nepi za mtoto yule yakawa yanamwagwa kwenye karo lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Walipochimba wakakuta kuta za karo zimeoza, uchafu unapenya moja kwa moja.

Niliposoma habari hiyo nikiwa nimekaa kwenye benchi la Soho, nilimkumbuka mama mmoja mjumbe wa nyumba kumi. Mwaka 2015 tulifika mtaani kwake na simu za kuchorea ramani na fomu za kurasa nne, tukazunguka siku mbili bila kuelewa. Yeye ndiye aliyetushika mkono, akatuambia: "Hawa watatu mnaowaandika, watoto wao wote wananunua barafu kwa yule pale." Tulikuwa tumeipita nyumba ile mara sita. Kwa hiyo ukurasa wako wa kwanza kutoka London uandike kuhusu Whitehead, na humo ndani mtaje mjumbe wako. Wafadhili wataelewa.

Ukiwa bado na Snow, vuka mto uende kusini. Kule kulikuwa na kampuni mbili za maji zilizopitisha mabomba yao kwenye mitaa ileile, wakati mwingine nyumba hii ya kampuni hii na ya jirani ya kampuni ile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia mdomo wa bomba lake juu ya mto mwaka 1852, mbali na uchafu wa mji. Ile ya Southwark na Vauxhall ilikuwa bado inavuta maji mjini, machafu. Snow akawa anagonga milango ya wafiwa kuuliza, "Maji mnanunua kwa nani?" Wengi hawakujua, maana bili ilikwenda kwa mwenye nyumba. Basi akachukua maji kwenye kichupa, akayatia nitrati ya fedha. Maji ya mjini yalikuwa na chumvi nyingi, yakageuka meupe mazito. Ya juu ya mto hayakubadilika kiasi hicho. Hebu fikiria, mtu ametoka kusikia msiba ndani ya nyumba, hana risiti, hana daftari la kampuni, na bado anapata jibu kwa kichupa. Kwenye kata yako kuna maji ya bomba, ya kisima, ya boza na ya mikokoteni, na mama wa nyumbani hajui la leo limetoka wapi. Tatizo lako ni lilelile.

Wenzako waliosema mambo ya kule hayafai huku wangefaidika na habari ya jirani zenu wa Pangani. Kipindupindu kilipofika pwani yetu mwaka 1869, alikuwapo Unguja daktari Mskochi aitwaye James Christie. Wakubwa wengi walidhani maradhi yameletwa na meli. Christie akawauliza watu wa misafara na mabaharia, akaunganisha maneno yao kituo baada ya kituo, akaona kuwa safari hii ugonjwa umekuja kwa nchi kavu, kupitia Umasaini hadi Pangani, ndipo ukavuka kwenda Unguja. Kazi yake ilichapwa London mwaka 1876. Waliomjibu walikuwa Waswahili na watu wa bara waliozijua njia zao. Sitaki uende ukidhani kwamba elimu hii ni mzigo uliofungwa kule na sisi kazi yetu ni kuupokea bandarini.

Na kama chuo chako ni kile cha Keppel Street, London School of Hygiene & Tropical Medicine, inua macho kabla hujaingia. Kwenye vyuma vya roshani wamewekwa viumbe waenezao maradhi, wamepakwa dhahabu: mbu, kiroboto, chawa, kunguni, panya, nyoka. Jengo lilifunguliwa 1929, lakini chuo kilianza 1899, Patrick Manson alipotaka madaktari waliokuwa wakipelekwa kwenye makoloni wafundishwe malaria na maradhi mengine ya nchi za joto. Juu ukutani yamechongwa majina ya wakubwa wa fani hii, wanaume watupu, hadi mwaka 2019 yalipoongezwa majina 3 ya wanawake. Mmoja ni Alice Ball, mwanakemia mweusi wa Marekani aliyepata njia ya kuyafanya mafuta ya mti wa chaulmoogra yawe sindano ya kutibu ukoma, akafariki 1916 akiwa na miaka 24. Mbu yule wa dhahabu nilimtazama mwaka mzima. Maradhi ya watu wetu yamo kwenye msingi wa jengo lile. Ingia kama mwenyeji.

Sasa nije kwenye vyoo, maana ndiyo kazi yako.

Siku ya kwanza utavuta maji chooni na hutawaza yanakokwenda. Waza. Kabla ya mabomba, London ilikuwa na makaro kama yetu, na walikuwapo watu wa kuyazoa usiku kwa ndoo, kama vyura wetu wa Dar es Salaam wanaoingia shimoni kwa miguu mitupu. Vyoo vya kuvuta maji vilipoingia, uchafu ukaelekezwa mtoni, na mto huohuo ndio uliokunyweka. Kipindupindu cha 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 London, na cha 1853 na 1854 zaidi ya 10,000. Serikali ikajadili, ikaunda kamati, ikavunja kamati. Halafu likaja joto la kiangazi cha 1858. Mto ukanuka hadi Bungeni, ambako jengo liko ukingoni kabisa. Wakayaloweka mapazia kwa chokaa ya klorini na bado wabunge wakaziba pua. Sheria ya kujenga mifereji ikapita kwa siku 18. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mabomba makubwa ya matofali kando ya mto, na kazi ile inatumika mpaka leo.

Nilipoyasoma hayo nilikasirika, na sijaacha kukasirika. Maelfu walikufa kwenye vyumba vya maskini na fedha hazikupatikana. Harufu ilipopanda ngazi za wakubwa, zikapatikana ndani ya wiki tatu. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi mara ya mwisho, kikaua zaidi ya watu 5,000 mashariki ya mji, upande wa maskini, ambao mfumo mpya ulikuwa haujakamilika kwao. Utakapokuwa unapanga bajeti ya kata, angalia bomba linaanzia kwa nani na linaishia kwa nani.

Wala usikubali kwamba kazi ile "imekamilika". Mabomba ya Bazalgette yanabeba majitaka na maji ya mvua pamoja. Mvua ikizidi, yakijaa, humwaga mtoni. Ndiyo maana wamechimba handaki jipya la kilomita 25 chini ya mto Thames, likaunganishwa lote mwaka 2025. Unaona sasa? Masika yakipiga Dar es Salaam, watu hufungua mashimo usiku na kuyatapisha kwenye maji ya mvua. Wao wamejenga handaki kwa fedha ambazo kata yako haitaziona. Lakini mvua ni mvua, na swali la "uchafu unakwenda wapi maji yakijaa" ni moja. Sisi tunaweza kulijibu kwa pampu ndogo ya mkono inayonyonya karo na pikipiki ya magurudumu matatu inayofika uchochoroni ambako lori halipiti, na mahali pa kwenda kumwaga palipo karibu. Hapo kwenye "palipo karibu" ndipo miradi mingi inakofia. Ukifika kule, omba kutembelea kituo chao cha kusafisha majitaka. Usione haya kuomba, wanafunzi wengi hawaendi.

Halafu kuna jambo lililotokea nikiwa nimesharudi. Mwaka 2022 walipima majitaka ya kituo cha Beckton, mashariki ya London, wakakuta virusi vya polio. Hapakuwa na mtoto hata mmoja mjini aliyepooza. Waliona adui kwenye maji ya choo kabla hajampoozesha mtu, na Agosti mwaka huo watoto wa London wa mwaka 1 hadi 9 wakaitwa kuchanja. Mfereji uliojengwa kwa ajili ya kuondoa harufu ukawa daftari la kusoma afya ya mji.

Nikupe kisa kimoja cha nyumbani nilikopanga. Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu, anaishi peke yake na paka wake, kusini ya mji. Asubuhi moja ya Julai nilimkuta jikoni ameweka miwani, anasoma karatasi yenye michoro. Mbele yake palikuwa na kichupa cha plastiki chenye kijiti ndani ya mfuniko, kirefu kama kidole cha mtoto, na kibahasha kigumu kilichokwishalipiwa stempu. Nikadhani ni dawa ya paka. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayesema anakwenda dukani, kwamba ni kipimo cha choo. Serikali inamtumia kila baada ya miaka miwili kwa njia ya posta. Yeye anachovya kijiti kwenye kinyesi chake, anakirudisha kwenye kichupa, anakifunga, anaandika tarehe, anatia kwenye bahasha, anapeleka kwenye sanduku jekundu la posta pale kona. Maabara inatafuta damu isiyoonekana kwa macho, dalili ya mapema ya saratani ya utumbo mpana.

Nilitoka naye. Alikuwa amevaa kofia yake ya majani, amebeba bahasha mkononi pamoja na barua ya dada yake. Akavitumbukiza vyote viwili, akapigapiga sanduku kidogo kwa kiganja, tukaenda kununua mkate.

Kisa hicho nilikiandika usiku uleule kurasa tatu. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Kilichonishika ni yote yaliyopaswa kuwapo nyuma ya kile kichupa: jina lake na umri wake viko kwenye orodha ya daktari wa mtaa, nyumba yake ina anwani, posta inafika, maabara ina mtu wa kusoma, na majibu yakiwa mabaya kuna hospitali inayomngoja asilipe. Tangu Julai 5, 1948 wana huduma ya taifa inayolipiwa kwa kodi, na kila mkazi anaandikishwa kwa daktari wa karibu. Ukikata kamba moja tu kati ya hizo, kichupa kinabaki plastiki. Huku kwetu tuna vitu vinavyofanana na hivyo kuliko tunavyofikiri. Kadi ya kliniki ya mtoto ni orodha. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua mimba zote za kitongoji ni anwani na posta kwa pamoja. Ukiona jambo zuri kule, usiulize "tunaweza kulinunua?" Uliza limeshikiliwa na kamba zipi, na hapa nyumbani kamba hizo ziko mikononi mwa nani. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la pili.

Wewe mwenyewe kaandikishwe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, usingoje kuumwa. Tayari utakuwa umelipia kwenye viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Na ikifika Oktoba anza kumeza vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku. Desemba jua linazama karibu saa kumi alasiri, na ngozi zetu zinahitaji jua zaidi kuliko za kwao. Mimi nilipuuza, nikakaa Januari nzima nimechoka kama mwenye malaria.

Vifo pia viangalie. Kule mtu akifa lazima kifo kiandikishwe ndani ya siku 5 baada ya karatasi ya daktari kumfikia msajili, na bila karatasi ya msajili hakuna maziko. Uandikishaji huo wa serikali ulianza 1837, na William Farr, aliyekaa ofisini akivipanga vifo kwa sababu na kwa mtaa, ndiye aliyekuwa akimpa Snow majina na anwani. Sisi vizazi tumeanza kuviweza, vyeti vya watoto wa chini ya miaka mitano vinatolewa hadi ofisi ya kata. Vifo bado. Mzee anafia nyumbani, anazikwa jioni ileile, na mwaka ujao mtaalamu anasimama mbele yenu na chati asiyojua ilivyovuja. Kwenye kata yako anayeandika kila maziko ni nani? Nadhani ni msikiti, na kanisa, na daftari la rambirambi.

Chakula nitakipita haraka, kwa sababu utakiona mwenyewe kila siku. Dirishani mwa mikahawa kuna kibandiko cha rangi ya kijani chenye alama za usafi, 0 hadi 5. Wales kukibandika ni lazima, England ni hiari, kwa hiyo London utajifunza kusoma dirisha lisilo na kibandiko. Aprili 2018 waliweka kodi ya sukari kwenye soda, peni 18 kwa lita, na 24 kwa zile zenye sukari zaidi, na viwanda vingi vikapunguza sukari ili kuikwepa. Februari 2019 nikaona matangazo ya vyakula vya mafuta na sukari nyingi yanaondoka kwenye vituo vya treni. Lakini shuka kituo chochote cha mashariki au kusini saa tisa na nusu alasiri watoto wakitoka shule, uone foleni kwenye maduka ya kuku wa kukaanga. Ni foleni za watoto wenye fedha kidogo na njaa kubwa, sawa na za kwetu kwenye chipsi.

Na treni hizo zitakufundisha somo jingine. Wataalamu wa afya wa mji ule walionyesha kwamba ukipanda Westminster ukaelekea mashariki, karibu kila kituo kimoja umri wa kuishi unapungua takriban mwaka mmoja. Mabomba ni yaleyale, hospitali ni bure zilezile. Tangu 1967 walianza kuwafuatilia maelfu ya wanaume watumishi wa serikali pale Whitehall, watu wa ofisini, hakuna aliyelala njaa. Wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa moyo mara tatu zaidi ya wa ngazi ya juu. Uvutaji wa sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya pengo lile. Mtafiti Michael Marmot ametumia maisha yake kueleza iliyobaki: mtu asiye na sauti kazini kwake, asiyejua kesho, mwili wake unalipa. Nilipolisoma hilo niliwafikiria wahudumu wetu wa wodini na wafagiaji wa kambi ya kipindupindu, waliokuwa wakivaa buti zilizotoboka wakati sisi tumepewa mpya. Sikuwahi kuwapima presha hata mara moja. Walikuwa mbele yangu kila siku kwa miezi.

Hewa pia. Desemba 1952 ukungu wa moshi wa makaa ulifunika London siku tano, maelfu wakafa, na sheria ya hewa safi ikaja 1956. Leo moshi hauonekani, lakini upo. Mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah aliishi karibu na barabara kubwa kusini ya mji, akafariki kwa pumu Februari 2013 akiwa na miaka 9. Mama yake hakukubali kwamba ni pumu tu, akapigania kesi miaka mingi, na Desemba 2020 hakimu wa vifo akaandika uchafuzi wa hewa kuwa moja ya sababu za kifo chake. Mama yule alikuwa mwalimu. Nenda na habari hiyo akilini siku utakaporudi na kukuta akina mama wa kata yako wanapika kwa mkaa kwenye jiko lisilo na dirisha.

Kuna jambo moja litakalokuumiza, nikutayarishe. Utakutana na mzazi mwenye elimu nzuri, mwenye kliniki dakika tano kutoka kwake, ambaye hajamchanja mtoto wake surua, kwa ajili ya hofu iliyopandwa na makala moja ya mwaka 1998 iliyoihusisha chanjo hiyo na usonji. Makala ile ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, hofu ikabaki. Mwaka 2019 Uingereza ilipoteza hadhi ya kuwa nchi iliyotokomeza surua. Mimi nilikutana na baba wa namna hiyo kituo cha basi, na nikataka kumweleza habari ya mama mmoja niliyemwona amevuka mto Ruvu amebeba mtoto kichwani ili asikose siku ya kliniki. Sikumweleza. Nilimuuliza anaogopa nini, nikakaa kimya nikamsikiliza hadi basi likafika. Nakushauri ufanye hivyohivyo, kwa sababu ukirudi utayakuta maswali yake yameshafika Tanga kwenye simu.

La mwisho ni la kufanya kabla hujaondoka. Ukurasa wa kwanza wa daftari lako uandikie Tanga, wiki hii. Nenda kwenye kioski cha maji unachokipita kila siku, ukae saa moja, alfajiri. Andika dumu la lita 20 ni shilingi ngapi, na mwenye mkokoteni anauza ngapi akifika mlimani. Hesabu hatua kutoka choo cha jirani hadi kisimani. Andika nani anachota kwanza, mfuniko wa dumu unawekwa wapi wakati wa kuchota, na mtoto anayenawa anamwaga maji kwa mkono upi. Ukimaliza miezi kumi na miwili ya London, rudi kioski kilekile saa ileile, na daftari mkononi. Kisha niandikie tena. Nitataka kujua umeona nini cha pili ambacho hukukiandika mara ya kwanza.